Siku Nne za Kukaa Pahala Pamoja

Kama yupo mtu Maskati aliyezaliwa bila ya makalio, basi ni Ghanim. Simsingizii mimi, kasema mkewe, Bi Rahila, na mke wa miaka thelathini na moja ana haki ya kusema. Mtu gani huyo, kahawa anainywa kwa kusimama, taarifa ya habari anaitazama mlangoni, na funguo za gari hazimtoki mkononi, chakacha, chakacha, tangu asubuhi mpaka anapoingia kitandani? Kazi yake ilikuwa kuuza magari katika duka moja kubwa pale Wattaya, na labda huko ndiko alikozidi kuharibika, maana mnunuzi akiingia hakaribishwi kiti, anazungushwa. Lakini Rahila alisema alimkuta hivyo hivyo tangu siku ya harusi. Hata pale ukumbini bwana harusi alikaa dakika tano, akainuka kwenda kuangalia gari limeegeshwa vipi.

Sasa mwaka wa tisini na tisa, mwezi wa Novemba, ikatangazwa kuwa Jumanne na Jumatano ni mapumziko ya sikukuu ya taifa. Zitie na Alhamisi na Ijumaa, ambazo wakati ule ndizo zilizokuwa siku zetu za kupumzika, unapata siku nne nzima. Mji mzima ukaingia kufunga mizigo. Wa kwenda Dubai wakaenda, wa milimani wakaenda milimani, na walioshindwa wakajisemea ati wao wanapenda nyumba zao.

"Baba Marwan," Rahila akasema, "safari hii nnataka twende Quriyat. Ile nyumba ya ufukweni ya rafiki yako, tuikodi. Tukae. Siku nne, pahala pamoja, tukae."

"Tutakaa, mama, tutakaa," Ghanim akajibu, naye kashafika mlangoni.

Nikwambieni kwa nini Rahila alikuwa anataka kukaa, maana si mtu wa bahari, na samaki wa Quriyat wanafika mpaka Mabela anapokaa. Wiki moja kabla, daktari wa kike, Mhindi mpole mwenye miwani, alimwita chumbani kwake akafunga mlango. Kile kidonge alichokuwa nacho kwenye titi la kulia, walichokikata kipande wakakipima, kilikuwa saratani. Kimewahiwa, daktari akasema, lakini kisisubirishwe. Aje Jumamosi baada ya mapumziko alazwe, Jumapili apasuliwe. Akampa karatasi ya Kiingereza. Rahila akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wake, akarudi nyumbani, akapika wali wa nazi, na hakumwambia mtu.

Si kisu alichokiogopa. Alizaa watoto watatu, mmoja kwa kupasuliwa, anakijua kisu. Alichokiogopa ni Ghanim. Maana mwaka wa themanini na moja, wifi yake Sayyida, dada wa pekee wa Ghanim, aliugua ugonjwa huo huo, akalazwa miezi miwili. Ghanim alikwenda kila siku. Kila siku! Wala hakukaa hata mara moja. Alisimama mlangoni mwa wodi, funguo mkononi, chakacha, chakacha, "Unataka nini, Sayyida? Nikuletee nini?" na kabla hajajibiwa kashakwenda kuleta. Alileta machungwa, akaleta feni, akaleta redio. Siku Sayyida alipokata roho, kaka yake alikuwa njiani na mto mpya wa sufi. Rahila ndiye aliyekuwa ameushika mkono wa Sayyida, na neno alilolisikia ni hili: "Mwambie Ghanim akae." Hakulifikisha. Angelifikishaje? Amelibeba miaka kumi na minane.

Basi hilo ndilo lililokuwa linamla. Alitaka amkalishe mumewe chini, uso kwa uso, amwambie, na amuulize: na mimi pia utanisimamia mlangoni? Nyumbani haliwezekani, nyumbani Ghanim anapita kama upepo. Ndiyo maana akataka Quriyat.

Jumanne wakatoka na gari mbili. Ghanim na Rahila mbele katika lile gari kubwa, nyuma yao Dativa, msichana wa Bukoba aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwao mwaka wa tatu, amezungukwa na masufuria. Gari la pili alikuwamo mtoto wao Marwan, mkewe Noof, na mtoto wao mchanga. Walibeba vitu, sikwambii. Mikeka, deli la barafu, majiko, mbuzi ya kukunia nazi, gunia la mkaa, na chupa tatu za chai. Ungesema wanahama nchi.

Saa kumi za jioni Rahila kashatandika mkeka mchangani, kamimina chai ya tangawizi vikombe viwili, viwili tu, na wengine kawapeleka mbali kwa ujanja: Noof akamlaze mtoto, Marwan akatafute samaki, Dativa akawashe jiko. Akapangusa mkono.

"Baba Marwan, njoo ukae hapa. Nna neno."

Ghanim akaja. Akapiga goti moja, lile la pili likabaki hewani. Akakishika kikombe. Akamtazama mkewe mara moja, haraka haraka, kama mtu aliyetazama jua. Halafu akainuka.

"Unaona mawingu yale? Yale hayana kheri. Marwan! Ebu njoo tulitazame tairi la nyuma!"

Mawingu gani? Mbingu nyeupe kama shuka. Chai ikapoa, Rahila akaimwaga mchangani.

Asubuhi ya Jumatano, watu hata mkate hawajaumeza, bwana katoa tamko: Quriyat pamejaa watu, kelele nyingi, twendeni Sur. Yallah! Rahila akasema tulikubaliana kukaa. "Tutakaa Sur," akaambiwa. Na njia yenyewe ya mwambao, wakati ule, haikuwa na lami hata ya dawa. Mawe matupu, vumbi, bahari upande mmoja na jabali upande wa pili. Sufuria zikapiga ngoma, Dativa nyuma akashika msalaba wake shingoni, na kila Rahila alipofungua mdomo Ghanim akaongeza sauti ya kanda ya taarabu. Kuna pahala maji ya kijani yanatoka bondeni kuingia baharini, pazuri mpaka mtu unataka kulia. Wakasimama. Rahila katoa mguu mmoja tu nje.

"Mushapaona? Yallah!"

Sur wakalala hoteli usiku mmoja. Alhamisi asubuhi, ati Sur joto, watu hawapumziki pwani, watu wa maana wanakwenda mchangani. Wakaenda mchangani, jangwa la Bidiyah, kwenye yale majabali ya mchanga mwekundu. Hema likapigwa na Marwan kwa taabu ya saa moja na nusu. Jua likiwa bado juu ya kilele Rahila akamwendea mumewe, akamshika mkono wa kanzu.

"Ghanim." Si Baba Marwan tena, Ghanim. "Kaa. Nnakuomba. Nna jambo la kukwambia, na siwezi kulisema mbio mbio."

Ghanim akauvuta mkono wake taratibu. Rangi ilimpotea usoni, Rahila akaiona ikipotea, akadhani ni hasira. "Kuna gari limekwama kule chini," akasema, "nnakwenda kulivuta." Akaenda kweli. Akalivuta. Akatafuta jengine akalivuta nalo. Alirudi watu wamelala.

Mama wee! Rahila asubuhi ya Ijumaa aliamka ana moto wa mkaa kifuani. Ghanim alipopiga makofi, "Yallah, jamaa, hema chini, turudi kwa njia ya mashamba," mwanamke akachukua mkoba wake, akaufungua mlango wa nyuma wa gari la Marwan, akaingia, akaufunga mlango kwa kishindo cha kuvunja kioo. Noof akamtazama Marwan. Marwan akatazama usukani. Katika nyumba zile zetu mtoto haulizi wazee wamegombana nini, na mkwe ndiyo kabisa, anajifanya hata kishindo hakukisikia.

Wakafika kijiji kimoja kidogo katika mashamba ya mitende, kabla ya Ibra, adhana ya Ijumaa inakaribia. Gari zikaegeshwa penye mfereji wa maji. Wanaume wakaenda msikitini. Mwanamke mmoja wa makamo, amejifunga shela ya rangi rangi, akatokea kwenye mlango wa mbao akaita kwa Kiarabu cha kwao: wageni wasisimame juani, waingie. Jina lake Zuwaina. Wakaingia wote watatu, Rahila, Noof na Dativa, wakapewa maji, tende na mkeka. Rahila akaomba pahala pa kutia udhu, akapelekwa chumba cha ndani kabisa. Akasali adhuhuri yake. Akishatoa salamu hakuinuka. Aliinua mikono akaomba dua ndefu, na dua yenyewe ilikuwa ni kumsema Ghanim kwa Mola wake, kituo kwa kituo, tangu ule mto wa sufi.

Huku nje, wenzangu, sala ya Ijumaa imekwisha, na bwana mkubwa anatoka msikitini kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi. "Yallah, yallah, yallah!" Noof akambeba mtoto mbio, Dativa akakimbilia masufuria yake. Dativa akaingia gari la Ghanim. Mama hayumo, lakini Mama tangu asubuhi yuko kwa Marwan, basi akanyamaza. Noof akaingia gari la mumewe; kiti cha nyuma kitupu.

"Mama karudi kwa Baba," Noof akasema.

"Wamepatana, Alhamdulillahi," Marwan akajibu. "Usiulize kitu."

Wakafurahi! Wakawasha gari kwa furaha, wakaondoka.

Rahila alipotoka alikuta vumbi. Vumbi tu, halijatua, na kuku wawili wanavuka njia. Akasimama pale mlangoni na mkoba wake kwapani. Akafika mpaka penye mfereji, akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Akarudi.

"Wamekuacha?" Zuwaina akauliza.

"Wameniacha," Rahila akasema kwa Kiarabu, kisha akaongeza kwa Kiswahili, kwa kuwa kuna mambo hayana Kiarabu chake, "Ebo! Wameniacha kama ndala!" Akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na katikati ya kicheko yakamtoka machozi, na machozi yakakataa kusimama.

Zuwaina akamshika mkono akamrudisha mkekani, akaleta birika la kahawa na sahani ya halua, akammiminia kikombe kimoja, akakaa kitako mbele yake, miguu ameikunja, kama mtu asiye na safari nyengine duniani. Simu ya pekee ya kijiji, ya dukani, haikuwa ikifanya kazi siku ile. "Atarudi," akasema. "Wewe kunywa."

Na Rahila akanywa. Siku ya nne hiyo, na ndiyo kwanza amemaliza kikombe. Akatazama kile kikao kilivyo, mtu na mtu, birika katikati, na kabla hajajua anafanya nini akalisema. Akamwambia mtu ambaye hakumjua saa mbili zilizopita: nina saratani, Jumapili nnapasuliwa, na mume wangu hajui. Alikuwa hajawahi kulisikia kwa sauti yake mwenyewe. Halikuwa kubwa kama alivyodhani.

Zuwaina akaangalia kahawa yake. "Unaogopa?"

"Naogopa kuwa peke yangu na yeye yupo."

"Hilo mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia," Zuwaina akasema, akamjazia kikombe cha pili.

Yaliyotokea huko njiani Rahila alikuja kuhadithiwa na Dativa. "Yaani Mama, tumefika kituo cha petroli kule mbele sana, Baba akashuka akanunua soda ya baridi, ile ya machungwa unayoipenda. Akaenda nayo kwenye dirisha la Marwan, anamwambia, mpe mama yako, mwambie asamehe. Marwan anamwambia, Mama si yuko kwako? Jamani! Baba akabaki na ile soda hivi. Halafu akanishusha mimi na mizigo, akageuza gari. Mimi nilimwona, hata funguo zilimdondoka."

Lilipofika gari, jua lilikuwa limeshapinda kwenye mitende. Rahila alilisikia kabla ya kuliona, halafu akazisikia funguo. Zuwaina akajifunika shela vizuri, akaingia ndani kwa adabu na mlango wa ndani akauegesha.

Ghanim akasimama kizingitini. Kanzu vumbi tupu. Soda mkononi, imeshapata moto.

"Nilidhani uko kwa Marwan," akasema. "Wallahi nilidhani... Haya, mama, yallah. Wanatungoja."

"Kaa," Rahila akasema.

"Njiani tuta..."

"Siingii garini mpaka ukae. Nitaolewa hapa hapa kijijini, Ghanim, nifuge mbuzi. Kaa!"

Chakacha, chakacha. Akatazama mitende, akatazama gari, akatazama kuku. Rahila akaona kuwa anatafuta tena gari la kukwama. Basi, akajisema moyoni, ndivyo itakavyokuwa. Jumapili nitafumbua macho nimwone mlangoni.

"Nna jambo la kukwambia," akaanza, hivyo hivyo na yeye amesimama.

"Nnalijua."

Sauti haikuwa yake.

"Nnalijua tangu Jumamosi iliyopita," Ghanim akasema. "Nilikuwa nnatafuta kitambulisho chako kwa ajili ya hoteli. Nikaikuta karatasi. Nikaisoma, nikaikunja kama ilivyokuwa."

"Hoteli?" Rahila akainua kichwa. "Hoteli ya Sur? Kumbe Quriyat hatukuwa tukae hata..."

"Safari nilizipanga zote. Sur, mchangani, zote." Machozi yalikuwa yanamshuka, mzee wa miaka hamsini na saba, na wala hayafuti. "Nilijua ukikaa utasema. Nikasema maadamu tunakwenda, hutosema. Kama ningeliweza ningelikupeleka mpaka Salala, nizunguke nirudi, nisiifikie hiyo Jumamosi. Nnaogopa, Rahila. Nnaogopa vibaya."

Basi huyo mwanamke akapandwa! "Umenijua, ukaninyamazia? Umenivuruga mbavu kwenye mawe siku nne, umenilisha vumbi, umenitoa roho kila nikifungua mdomo, na wewe unajua? Mimi nnalala nnatafuta maneno ya kukwambia taratibu usishtuke, na wewe unajua!" Akachukua kokwa ya tende akamrushia, ikampata kifuani. Akachukua ya pili. Halafu akairudisha sahanini, akasema kwa sauti ndogo lile alilolibeba.

"Sayyida aliniachia neno lako. Siku ile. Alisema, mwambie Ghanim akae. Machungwa yako hakuyataka, wala feni. Na mimi siogopi kisu, Ghanim. Siogopi hata kufa sana. Naogopa utanisimamia mlangoni kama ulivyomsimamia yeye."

Funguo zilinyamaza. Ghanim akavua viatu, vyote viwili, akaviweka kando ya kizingiti. Akaingia, akajikalisha mkekani kwa taabu, kama mtu anayejifunza, goti moja, la pili, halafu yote. Akauchukua mkono wa mkewe, akaufungua, akaziweka zile funguo ndani ya kiganja, akavifunga vidole vya mkewe juu yake.

"Zishike wewe," akasema.

Rahila akazitia mkobani, kwenye mfuko wa ndani, juu ya ile karatasi. Akamimina kahawa. Ghanim akanywa kikombe cha kwanza, cha pili, na cha tatu, naye amekaa, na mkono wake wa kulia kila mara ulitaka kwenda kwenye mfuko wa kanzu, ukarudi. Akamuuliza saa ngapi Jumamosi, Rahila akamwambia saa mbili asubuhi. Alimuuliza kinauma, akamwambia hakiumi. Adhana ya alasiri ikapita, wakasali, wakakaa tena. Ikawa ni Rahila aliyesema, "Yallah, Baba Marwan, watoto wanatungoja kituoni," na ikabidi aliseme mara mbili.

Jumamosi jioni, wodini, nesi mmoja Mfilipino alipita akiwatoa wageni, kengele ya saa mbili usiku imeshalia. Watu wote wakatoka. Marwan katoka, Noof katoka, Dativa kamwachia Mama busu la shavu katoka. Kwenye kitanda cha mwisho palikuwa na mzee amekaa kitako kwenye kiti cha plastiki, mikono mitupu magotini.

"Baba, muda umekwisha," nesi akamwambia kwa Kiarabu chake cha kuunga unga. "Nenda nyumbani, urudi kesho."

"Siwezi," Ghanim akasema. "Gari halina funguo."

"Funguo ziko wapi?"

Ghanim akamwelekezea kidole Rahila, ambaye alikuwa amelala ubavu, amefumba macho, na mkono wake mmoja ameuingiza chini ya mto.

"Anazo yeye."